Mama Anasikia

Mdogo wangu Roda,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mguu wako unaendeleaje? Huku Mbotela kwa kaka mvua haiachi.

Leo hospitalini nilimfumua Mama nywele, daktari akambandika nyaya kichwani. Akamsikilizisha sauti: ti, ti, ti, na mara mojamoja to. Baadaye mashine ikachora mstari: penye ti umelala, penye to umeinuka kama kilima.

"Mama yenu hasemi," akaniambia, "lakini anasikia, na sauti ikibadilika anajua."

Roda, nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya. Tangu Mama apooze tumekuwa tukibishana kando ya kitanda chake azikwe wapi! Nimepiga magoti nikamwomba msamaha.

Tafadhali jibu upesi, na barua mwandikie yeye. Nitamsomea.

Dadako,
Marita