Programu Yangu Mdomoni mwa Eustace

Pendo, nimetoka maabara sasa hivi na nasikia kinyaa.

Ile programu yangu ya lugha ya C, inayomuuliza mtu anataka matriksi, yaani jedwali la namba, ya ukubwa gani halafu inasoma namba zake, Eustace wa kundi letu kaiwasilisha leo. Kila sentensi "nimeandika", "nimefikiria". Mimi nipo pale pembeni kama pazia.

Mwalimu akachagua ukubwa wa sita kwa mbili. Programu ikakatika. Kumbe Eustace alifuta mistari yangu inayotenga nafasi ya kumbukumbu kulingana na ukubwa aliotaka mtu, akaweka tatu kwa tatu moja kwa moja, eti ionekane fupi.

Unajua alijibu nini? "Hapo aliandika Anastasia."

Yaani jina langu lilimtoka hapo tu. Hapo tu, Pendo.

Nikasimama, nikafungua nakala yangu, nikaingiza sita kwa mbili. Ikasoma namba zote. Mwalimu akamwambia Eustace, "Kakae."

Sasa nashuka ngazi, ananifuata anatabasamu: "Anastasia, nirushie basi hiyo nzima, kesho nawasilisha tena na kundi lingine."

Nimemblock pale pale, simu nikiwa nimemgeuzia aone.