Mukaka, wamekupa sura ya mulozi

Mukaka wangu, mama wa baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira hii nimeirithi kwako, kwa hiyo univumilie. Masika, kitukuu wako ambaye hukuwahi kumwona, amekataa kula ugali wa fufu aliousonga mdogo wako, Mama Katungu. Tangu vita vilipomtoa Mangina, Mama Katungu anaishi kwetu hapa Mususa. Mtoto amesukuma sahani na kusema mbele yake: « Koko ni mulozi. Miye hapana kula. »

Nyanya yake, mchawi! Ameyatoa wapi? Kwenye katuni. Nilikaa naye nikaangalia. Bibi kizee, mgongo umepinda, meno mawili, anaishi peke yake, anachemsha majani kwenye chungu na kucheka. Basi, huyo ndiye mbaya. Msichana mrembo anaimba, bibi anakoroga chungu, na watoto wameshajua wamchukie nani. Lakini Mukaka, huyo ni wewe. Mgongo wako ulipindia shambani, kwenye muhogo. Majani ulituchemshia sisi tukiwa na homa. Hao wanaotunga hizi filme hawana nyanya kwao?

Wewe ulijua kumtunga mtu mbaya. Nakumbuka jikoni kwako, tumekuzunguka tukiambua maharagwe. Mbaya wako alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa, anasalimia wazee kwa adabu, na mama wa msichana aliyekuja kumposa ndiye aliyemkimbilia na kiti. Bibi kizee wa njiani alimwonya binti, wakamcheka, na kijana akaja kumuua. Nilikuuliza kwa nini muuaji ni mzuri hivyo. Ulijibu bila kuinua macho: « Mutu mubaya hapana kuya na sura mubaya. Kama anakuya vile, nani atamufungulia mulango? » Baada ya hapo niliogopa viatu vya pasta kwa muda mrefu.

Na waliomfukuza Mama Katungu kule Mangina walikuwa vijana, migongo imenyooka.

Sasa watoto wa parsele nzima, nyumba zote za kiwanja chetu, wanamwita mulozi akienda kuchota maji. Unajua neno hilo linaweza kumfanyia nini mama mzee hapa kwetu, wakubwa wakianza kulirudia. Masika nimemgombeza. Nimemsimulia na hadithi yako. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama iko kwenye simu, aone picha. Nilichoka, Mukaka. Nilichoka kabisa.

Jana nilimkuta Mama Katungu anafunga vitu vyake kwenye kikwembe. Nikamwambia, nyanya, Mangina watu bado wanakimbia, unarudi kwa nani? Akaendelea kufunga.

« Kule naogopaka batu, » akasema. « Hapa batoto banaogopa miye. Afazali kule. »

Furushi lake nimelificha chini ya kitanda changu.

Pumzika, wewe unayeweza.

Mjukuu wako,
mama wa Masika