Marahaba ya Pili

Kwako Dada Minza,

Shikamoo. Habari za hapo Tinde? Mama anaendeleaje na goti? Mvua imeshuka, au mnaangalia tu mawingu yakipita? Mimi huku Geita mzima wa mwili, kichwa ndiyo sijui. Tangu jana nimeduwaa. Leo dukani mteja kaomba mkanda wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikampa koleo! Nilikupigia simu asubuhi nikueleze, ulipopokea nikaishia kuuliza habari za kuku. Kwa hiyo naandika.

Unaujua ule mchezo wangu wa kuigiza, uliochekwa Mwanza. Unajua nilivyoapa sishiki tena kalamu, na shemeji akanitafutia nafasi kwenye mashine yake ya mpunga kule Kagongwa. Nilimwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi, lakini moyoni nilishakubali. Nilikuwa nakuja kukoboa mpunga, na uandishi uishie hapo.

Sasa hapa kuna mwalimu wa sekondari, Mwalimu Neema, ana kikundi cha sanaa. Akaniomba wausome mchezo wangu mbele ya watu. Hawaigizi, wanakaa kwenye viti na karatasi mkononi, kila mtu anasoma maneno ya mhusika wake, basi. Nikasema chukueni, kwani atakuja nani? Dada, walijaa! Jana Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa kanisa ulifurika wachimbaji na gambuti zao, akina mama wa sokoni, wengine wamening'inia madirishani. Mimi nikajibanza mlangoni ili wakianza kucheka nichomoke.

Sehemu ya mama kapewa Mama Tausi, anayewauzia wachimbaji chai na maandazi. Hajawahi kuigiza maishani mwake, anasoma huku anafuatisha kwa kidole. Nikasema hapa nimekwisha.

Unakumbuka mimi na Doto tulivyokuwa tunamwamkia Mama asubuhi, kwa sauti moja, naye anajibu, "Marahaba. Marahaba," kila mtu na yake, kwa kuwa alisema mapacha hawagawani salamu. Na unakumbuka baada ya Doto kufukiwa na duara, shimo la dhahabu lilipoporomoka. Nikimwamkia peke yangu, Mama anajibu mara mbili. Kila asubuhi, mara mbili. Nilishindwa kuvumilia, Dada, ndiyo maana siji nyumbani. Nikaliweka kwenye mchezo kama lilivyo. Mwana anaamkia, mama anajibu, kimya, mama anajibu tena.

Yule mwongozaji wa Mwanza akalikata neno la pili. Alidhani ni kosa la uchapaji! Nilipomweleza, akanijibu mbele ya waigizaji wake wote, "Na watazamaji watajuaje? Au utasimama mlangoni uwaeleze mmoja mmoja?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikaamini sijui kuandika, nikakaa na aibu hiyo mpaka jana.

Basi wakafika hapo. Fundi cherehani aliyekuwa anasoma sehemu ya mwana akasema, "Shikamoo Mama." Mama Tausi akajibu, "Marahaba." Karatasi inasema kimya. Mama Tausi akanyamaza, akainua macho, akaangalia ubavuni mwa yule fundi, pale pasipo na mtu. Mimi mkono uko kwenye kitasa.

Mara jibaba moja la kichimbaji, limekauka matope mpaka magotini, likasimama katikati ya watu. "Shikamoo Mama!"

Mayo wane, mama yangu! Nikajua mzaha umeanza. Kumbe hapana. Mwingine akaamkia, na mwingine, kisha ukumbi mzima, "Shikamoo Mama!" Hata vibibi vya kuamkiwa na kila mtu vikaamkia! Mama Tausi akawageukia wote. Akasema, "Marahaba," lile neno lililokatwa, na karatasi zikamponyoka.

Dada, hakuna aliyewaeleza. Hakuna! Si mimi, si mwalimu. Walijua wenyewe ni salamu ya nani iliyokuwa inangojwa. Haki ya Mungu nililia bila kuficha uso, mtu mzima na ndevu zangu.

Yule mchimbaji akanifuata nje. Akauliza, "Wewe ndiye umeandika?"

"Ndiyo."

"Yule mama ni wa kweli?"

"Ni mama yangu."

Akavua kofia, akaikunjakunja. "Mimi niliingia chini na mwenzangu, nikatoka peke yangu. Mama yake sijamtia machoni tangu siku ile, naogopa. Kesho naenda. Na wewe andika, bwana, usiache."

Akaondoka, wala jina lake sikuuliza. Nimeshangaa, bado nashangaa, na leo kabla ya kufungua duka nimeanza mchezo mwingine. Sijui utakuwa mzuri au mbaya, ila siogopi. Mwambie shemeji namshukuru sana, ila hiyo nafasi ampe mtu mwingine. Najua atanuna, mpikie ugali na sato aliyekaangwa vizuri kwanza ndipo umwambie.

Wasalimie wanao, na baba mdogo akirudi kutoka mnadani. Mama usimweleze habari za mchezo, mimi mwenyewe nakuja Jumamosi. Mwambie tu huku Geita kuna watu wengi wanamwamkia. Halafu usimkatize, mwache ajibu mara anazotaka.

Ni mimi mdogo wako,
Kulwa