Siku Ulipomuaga Mmishonari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Ungekuwapo ungeitikia marahaba, kisha uniulize papo hapo kama nimekula. Nimekula, mama. Ila wali wa hotelini huku Mtwapa hauna tui la kutosha, na nikiubakisha hakuna wa kunikaripia.

Nakuandikia kwa sababu ile filamu imefika. Ile ya mmishonari, uliyoigiza na wanawake wenzako pale ufuoni Mambrui. Wakumbuka walivyowavisha kaniki zilizochanika? Ulishika kiuno ukasema, "Bibi yangu hakuvaa hivi hata akienda shamba!" Na mkalimani alipowaeleza kuwa hadithi ni ya Mzungu aliyekwenda kuhubiri nchi ya mbali, ukadakia, "Mbali na wapi? Nyumbani kwangu si pale!" Wenzako wakaangua kicheko mpaka mwongozaji akauliza kulikoni.

Mwaka wa pili huu tangu ututoke. Simu yangu iliyokuwa na sauti yako iliibwa, na picha hazisemi. Nimejaribu kuikumbuka sauti ile nikipika, nikifua, nikaona yanikimbia. Niliogopa, mama. Basi niliposikia filamu itaonyeshwa Malindi nilifunga safari, na hofu yangu ilikuwa moja tu: wasije wakawa wameifuta sauti yako wakaweka muziki.

Nilikaa mbele kabisa. Mmishonari alihubiri weee, akaugua homa, akapona, akahubiri tena. Wallahi nilimchoka! Mwishowe akaanza kupanda mashua arudi kwao, na wanawake mkajipanga ufuoni kumuaga.

Siku ile ya kupigwa filamu mliambiwa kila mtu amuage kwa maneno yake mwenyewe. Mlikuwa mmerudia tangu asubuhi, jua kali, mchanga umekuingia machoni na machozi yakutiririka. Nami nilisimama nyuma ya kamera kukutazama, sijatia kitu tumboni. Ukaniona. Ukanyoosha mkono, na mwongozaji akafurahi kweli, akidhani wamlilia mmishonari wake.

Na sauti ikaja, mama. Yako kabisa, na mkwaruzo wake ule ule.

"Wee Mwanaisha! Njoo ule mwanangu, wali wapoa!"

Chini ya picha, maandishi ya Kizungu yakasema eti, nenda salama mtu wa Mungu, hatutakusahau. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mimi sikucheka. Ulinifundisha tangu mdogo kwamba binti akiitwa na mamake haulizi "nini?" kama aliyekosa malezi. Nikajikuta nimesimama mbele za watu, nimeitika kwa sauti:

"Labeka, mama!"

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Masikini, ni mamake." Nikabaki nimesimama, nangoja uniite tena. Mashua ya mmishonari ikazidi kwenda, nawe ukazidi kuwa mdogo pale ufuoni, mkono bado umeunyoosha.

Nakutamani, mama. Uliuliza mbali na wapi. Sasa ningekuwa na la kukujibu.

Mungu akulaze pema. Usinifanyie haraka, nitakuja siku yangu ikifika. Wali na upoe tu, haidhuru. Niwekee ukoko.

Binti yako uliyemwita,
Mwanaisha