Mishale ya Kona Yako Haiko Sawa

Papa Wilondja,

Ni mimi Mama Furaha, niliyekushikia kamba siku zote ulizopima barabara toka Baraka kupanda Fizi. Nimesali kwanza ndipo nikashika kalamu, maana leo sikuandikii kwa moyo mweupe. Kuna jambo nakushuku, na wa kunijibu ni wewe tu, nawe umelala.

Toka tukuzike, barabara imeanza kupimwa upya. Kaye yako, lile daftari la vipimo, haikuonekana. Enjenieri aliyekuja, mtu mupole wa miwani, amepiga vijiti vyekundu kwenye kona ya kuingia Baraka, na vijiti hivyo vinapita katikati ya baraza yako na chumba cha mbele. Mjane wako Mama Riziki alikuja kwangu analia: "Mama Furaha, we ulikuwa naye. Uwaambie mawe ya kona aliyosimamisha bwana yangu ndiyo ya kweli, wasinibomolee." Nikamuahidi. Hata mimi nilimshuku yule enjenieri. Nilisema, huyu kuna mtu amemuongelesha pembeni.

Basi nikachukua kamba. Si wewe uliyenifundisha? Niliishia darasa la sita, lakini maneno ya kona ulinipa moja moja, kama katekisimu. Pale mstari unapoacha kunyooka ni mwanzo wa kona. Pale mistari miwili ingekutana kama barabara isingepinda ni kilele, na ulikuwa unacheka: "Kilele ni pahali gari haifiki hata siku moja, Mama." Tunavuta kamba toka jiwe moja, tunaruka la pili, tunafunga kwenye la tatu. Kutoka katikati ya kamba mpaka lile jiwe tuliloruka, hapo ni mshale. Ukapaza sauti bapita njia bote wasikie: "Kona ya kweli, mishale yote iko sawa! Ukiona mumoja murefu, mungine mufupi, kuna muntu anadanganya!"

Nilianza na vijiti vya enjenieri, nikimtafutia kosa. Nusu mita. Nusu mita. Nusu mita mpaka mwisho wa kona. Nilikasirika, nikapima tena. Nusu mita.

Ndipo nikafyeka majani juu ya mawe yako saba. Jiwe la pili, mshale hakuna kabisa, kamba imelala juu ya jiwe. La tatu, nusu mita. La ine, mita moja na nusu. La tano, nusu. La sita, hakuna tena. Kona yako ina tumbo, Papa. Na tumbo hilo limeingia kwa Mama Zubeda, jirani yako wa ng'ambo ya barabara, mita mbili nzima, pale jiko lake lilipokuwa.

Nimejaribu kukutetea. Nilisema labda jua lilikuwa kali, labda kamba ililegea. Lakini mtu aliyekosea hakosei vizuri hivyo, kushoto sawa na kulia.

Halafu nakumbuka asubuhi ile. Tulikuwa kwenye jiwe la pili, ukasema: "Mama, umechoka, nenda kwa Mama Zubeda uombe maji ya kunywa." Wewe, kunihurumia mimi? Hukuwa umenihurumia hata siku tulipopanda mlima na mvua. Niliporudi, mawe ya katikati yalikuwa yamekwisha kusimama. Upande wa pili wa barabara palikuwa kichaka tu. Mwaka uliofuata ukajenga nyumba yako pale.

Mama Zubeda alilia wakati ule: "Barabara hii imemukwepa muntu ikanikuta mimi!" Ukamjibu: "Mama, barabara haina macho." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, na maji yake bado yalikuwa mdomoni mwangu.

Ulijua, Papa? Kile kichaka kilikuwa tayari chako?

Jana nilimwambia Mama Riziki kwamba ahadi yangu siwezi kuitimiza. Alinitazama kama nimekuzika mara ya pili, akafunga mlango. Simlaumu. Nimemfagilia chumba kwangu, kile cha upande wa ziwa. Akikubali aje, akikataa nitarudi kumwomba.

Alhamisi shefu, mkubwa wa mtaa wetu, ametuita wote kwenye kona. Sitasema uliiba. Yaliyokuwa moyoni mwako Mungu ndiye anayajua, nami naendelea kukuombea kila misa, maana ulinipa kazi wakati wanaume walisema mwanamke hawezi kubeba kamba. Lakini sitasema mawe yako ni ya kweli. Nakuahidi hivyo, hata kama ni ahadi usiyoipenda.

Pumzika, Papa Wilondja. Bwana akupokee na hesabu zako zote. Mimi Alhamisi nitaenda mapema, nitamuomba Mama Zubeda msamaha mbele ya watu, halafu nitampa ncha ya kamba aishike kwa mkono wake.

Mama Furaha