Lenzi ya Baba na Ile ya Harambee

Mtaa wa West Indies, Eldoret
Jumapili

Ndugu yangu Gideon,

Mahindi ya shamba la Turbo tumeshavuna, na paka wako amezaa tena ndani ya kabati la studio yangu. Uliuliza kama uninunulie ile lenzi ya muundo wa zamani iliyofufuliwa kwa harambee ya mtandaoni, ama nibaki na kuukuu ya Baba. Mpiga picha mwenzangu wa Elgon View, Cyril, aliniazima yake. Nikamketisha Mama mlangoni, nikampiga picha kwa zote mbili.

Hiyo mpya, haki ya Mungu, ni kali kama wembe. Kila uzi wa kitambaa chake cha kichwa unahesabika. Lakini ya Baba! Mwanga ulimzunguka Mama, mikaratusi ya nyuma ikayeyuka, na mimi mzima nikasisimka kama mtoto.

Nilimpa Mama picha zote mbili. Alizisogeza hadi puani, akaigusa ile ya Baba.

"Chelimo, hii ndiyo ya ukweli. Siku hizi ndivyo ninavyowaona nyote."

Miaka yote hii nimekuwa nikiusifu ukungu ule wa lenzi ya Baba. Kumbe Mama anaishi ndani yake, na hakutuambia.

Nilimpeleka hospitali, na daktari anasema jicho la kushoto tumechelewa. La kulia atalipasua mwezi ujao, ila hatoi ahadi.

Usinitumie lenzi, Gideon. Njoo wewe, kabla ya siku ya upasuaji. Ukifika, mkaribie Mama kabisa, pua kwa pua. Ukisimama hatua mbili kutoka kwake, machoni pake wewe ni mwanga tu.

Dadako,
Chelimo