Salongo ya Mashini ya Povu

Kadidja, soma hii telex kisha uipasule. Naiandika na hasira, hapana woga!

Asubui délégué wa parti, Citoyen Likenge, aliingia ku hoteli yangu na watu yake ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima ya kila Jumamosi. Akaona aquarium yangu ya samaki ya maji ya chumvi, na ile mashini yenye kupandisha povu ili itoshe uchafu ndani ya maji. "Iko chafu! Leo kila kitu inasafishwa!" Akaisugua na sabuni. SABUNI, Kadidja, yenye kuua samaki!

Povu ikafurika mpaka ku viatu yake. Naye: "Munaona? Sasa njo inafanya kazi!" Wakapiga makofi. Makofi, dada!

Nikawafukuza wote inje. Nikahamisha samaki, nikabadilisha maji, nikaosha mashini na maji ya moto tu, nikatia kambao mupya, kale kipande ya muti ya kupulizia mupepo ndani yake. Samaki iko wazima. Povu inapanda muzuri kuliko zamani.

Alors, Likenge anasema eti kuwafukuza ni kutukana parti. Eti kesho niende ku bureau yake kuomba pardon.

Bon, nitaenda. Na kikombe ya ile mashini, mule povu inaangukaka, yenye kujaa uchafu, yenye kunuka. Nitaiweka pa meza yake: "Citoyen, mashini yangu inafanyaka salongo kila siku. Wewe unaikumbukaka Jumamosi tu."